Ufa kwenye Tangi la Meneja

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Leo tangi la samaki limepata ufa. Si mimi. Ni kioo chenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi nimekaa na chai yangu namtazama Meneja, samaki wa marehemu mke wangu. Nikaona maji yameinama upande wa dirisha. Kidogo tu, kama unene wa ukucha. Mtu mwingine asingeona. Mimi nimefunga mabomba miaka arobaini, jicho langu halidanganywi. Nikaleta kipima maji. Kweli! Meza imelala upande. Nikachonga kabari ya mti, nikaigongea chini ya pembe moja ya tangi. Kipima maji kikasema sawasawa. Kioo kikasema ta!

Ufa uko mbele, chini, urefu wa shubiri moja. Maji yanatoka tone, tone. Nimetega kisahani.

Samaki hawa walikuwa wanane. Mke wangu aliwapa vyeo wote. Kulikuwa na Karani, Mhasibu, Tarishi, wengine nimesahau. Wamekwisha mmoja mmoja. Amebaki Meneja, mwekundu, mnene, anazunguka kutwa nzima na hakuna anachofanya. Ndiyo maana akapewa cheo hicho.

Binti yangu anakuja Jumapili. Mwaka mzima ananiimbia wimbo huo huo, Baba, wewe utamuua huyo samaki, bora nimpeleke ofisini kwangu. Akiona ufa, kwisha habari. Anambeba. Na Meneja akiondoka, humu ndani hakuna tena kitu cha mama yake kinachopumua, ila mimi.

Ufa utazibwa kabla ya Jumapili. Nimeapa mbele ya kisahani.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimetumia sabuni ya mche. Unaipondaponda na nyuzi za pamba, unaikandika. Nilizuia hivyo bomba la hospitali nzima siku moja, daktari mkuu akanishika mkono. Nimekandika kwa nje, kama inavyotakiwa. Bomba linazibwa kwa nje. Sijaona fundi anayeingia ndani ya bomba.

Imeshika saa nzima! Nikajipikia chai ya pili kujipongeza.

Ndipo akapita Miwani. Huyu ni fundi vioo wa mtaa wetu, tunamwita hivyo kwa sababu miwani yake ni minene kama vitako vya chupa. Tangi hili ni kazi ya mikono yake. Akachungulia dirishani bila hodi. Akacheka mpaka akashika nondo za dirisha. Akasema, mzee mwenzangu, maji yanasukuma kutoka ndani, wewe unayabembeleza huku nje? Kiraka cha kioo hukaa ndani. Nikamwambia akahesabu fremu zake. Akasema haya bwana, ukianza kuogelea sebuleni niite.

Sabuni ikadondoka akiwa bado anacheka.

Nakumbuka siku alipolileta tangi. Miaka ishirini na saba iliyopita. Alilisukuma kwa mkokoteni, limefunikwa blanketi. Mke wangu katangulia mbele katikati ya barabara, mikono juu, anasimamisha magari kama askari. Dereva mmoja akauliza kama ni maiti. Akamjibu, ni bahari, pisha.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mpira wa ndani wa baiskeli. Nimekata ukanda mpana, nimeuzungusha tangi lote. Juu yake mkanda wa chuma wenye nati mbili. Huu ni ufundi wa bomba kubwa, lile la mtaani. Nikakaza. Matone yakapungua. Nikakaza tena. Yakakoma! Nikasema ngoja niongeze robo tu, ya usalama.

Ta!

Sasa ufa una shubiri mbili na tawi.

Kosa si la spana. Kioo cha siku hizi hakina uvumilivu. Nakumbuka kwamba hiki si cha siku hizi, lakini hoja yangu inabaki.

Maji yameshuka nusu. Meneja anazunguka chini chini. Natandika matambara na kuandika hapa mezani, ulimi nje. Hapa hapa ndipo nilipofundishwa kuandika. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, najua namba za bomba tu. Mke wangu akanikalisha kila jioni mbele ya samaki. Akasema, andika anachofanya Karani. Nikaandika, Karani anakula. Andika anachofanya Meneja. Nikaandika, hakuna. Alicheka akafuta machozi kwa kanga. Daftari ni hili hili. Kurasa za mbele zake, hizi za nyuma zangu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Siku mbaya.

Maji yalifika usawa wa mgongo wa Meneja. Nikamtoa kwa chujio la chai. Haenei! Kichwa ndani, mkia nje, ananipiga vibao. Nikamtumbukiza kwenye sufuria kubwa niliyoijaza bombani muda ule ule. Maji safi kabisa, bomba nimelifunga mwenyewe.

Baada ya muda nikamwona amelala ubavu. Mdomo unafunguka polepole. Nikamwita. Nikagonga sufuria. Nikamwambia bwana mkubwa, amka, kazini huku. Hakuna.

Mwaka wake wa mwisho mke wangu alihamishia kitanda hapa sebuleni, alale akiwatazama. Naye alikuwa akilala hivyo hivyo, ubavu, anafungua mdomo polepole, nisikie anataka nini.

Nikafungua kurasa zake. Nasoma taratibu mimi, silabi kwa silabi, na leo herufi zilikuwa zinatembea. Ukurasa wa kwanza vyeo vya samaki. Wa pili chakula. Wa tatu, amepigia mstari: ma-ji ya bo-mba ya-la-le ndo-o-ni si-ku mo-ja kwa-nza, ya-na da-wa, sa-ma-ki ha-we-zi.

Ndoo ya kuogea ilikuwa imejaa tangu jana asubuhi. Sikuoga jana, kwa shughuli. Sikuwahi kuona uvivu uliofanya kazi nzuri hivyo! Nikamhamishia humo. Nikakaa chini sakafuni, mkono majini.

Adhuhuri akasimama. Alasiri akaanza kuzunguka bila kazi.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nilipita karakana ya Miwani. Nilipita tu. Nikamwambia nina rafiki, yuko mbali, tangi lake limepata ufa, ameomba ushauri kwangu na mimi sina nafasi.

Akaendelea kukata kioo. Akauliza, huyo rafiki yako alikandika sabuni? Nikasema sijui mambo ya watu. Akauliza, alifunga na chuma? Nikasema huenda. Akasema mwambie rafiki yako afungue chuma hicho leo, akaushe tangi, asiliguse hata kwa pumzi. Na mwambie ana kichwa kigumu kuliko marumaru.

Nikamwambia nitafikisha.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Amekuja mwenyewe, sijamwita. Kwapani ana kipande cha kioo kimefungwa gazeti, mfukoni ana silikoni. Nikamwambia rafiki yangu haishi hapa. Akasema najua, nipishe niingie.

Amefanya kazi asubuhi yote, kichwa kimezama ndani ya tangi. Kiraka kwa ndani, silikoni pembeni, kidole kinapita mara moja tu. Mkono haumtetemeki. Nilimshikia taa, na nilimwelekeza sana, ila yeye hapendi kuelekezwa.

Katikati ya kazi akasema, unajua mkeo aliniagizia nini siku ile? Alikuja na kamba aliyopimia meza. Akasema, mume wangu kutwa anapigana na maji, akirudi nyumbani anapiga kelele za maji. Nitengenezee mahali ambapo ataona maji yametulia, pengine na yeye atakaa.

Miaka ishirini na saba nilidhani lile tangi ni lake.

Nikaenda kumtazama Meneja kidogo, jikoni. Niliporudi Miwani alikuwa anakusanya vitu vyake. Akasema maji yasiingie mpaka Jumatatu jioni. Nikamkumbusha kwamba Jumapili ni kesho na binti anakuja. Akasema basi mwambie ukweli, haitakuua, umri wako huo.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Binti kaja na mtungi wa plastiki wenye kifuniko, kifuniko kimetobolewa matundu. Kajiandaa! Hajakaa, kauliza, Baba, tangi mbona kavu? Nikasema usafi. Kauliza, na hicho kiraka? Nikasema ni urembo, mtindo mpya. Akanitazama kwa macho ya mama yake. Mimi nimeshindana na mabomba ya inchi nane, lakini macho hayo sijawahi kuyashinda.

Nikamweleza yote. Kabari, sabuni, chuma, chujio. Kila neno anafumba macho. Nilipofika kwenye sufuria akainuka, akachukua mtungi, akaelekea jikoni. Nikamfuata nyuma kama mtoto. Mimi!

Akapiga magoti kwenye ndoo. Meneja akapanda juu akamdonoa vidole. Akauliza, nani alikwambia maji yalale siku moja? Nikamletea daftari, ukurasa wa tatu.

Alisoma akiwa amepiga magoti vile vile. Kisha akaanza ukurasa wa kwanza. Kisha akafika kwenye kurasa zangu za zamani, Karani anakula, Meneja hakuna. Akauliza, hii umeandika wewe? Nikasema ndiyo, na mwandiko wangu ni mzuri zaidi, huo ulikuwa wa haraka haraka. Akacheka, akalia, akapangusa pua kwa mkono kama alipokuwa na miaka sita.

Mtungi akautia chai ya kubeba njiani. Matundu yote yale, chai imemwagikia kitambaa cha meza, hakujali. Mlangoni akanishika mabega. Akasema, Baba, abaki. Lakini usiguse kitu. Chochote. Niapie. Nikaapa kwa mkono wa kulia.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Jioni nimejaza tangi. Ndoo tisa, maji yaliyolala. Halivuji hata tone! Meneja karudi ofisini. Nimekaa mbele yake na chai mbili, moja nimeiacha ipoe upande ule wa kiti chake. Maji yametulia. Nami nimetulia, nadhani nusu saa nzima.

Ndipo nikawaza. Ndoo tisa kuingiza, ndoo tisa kutoa, kila Jumamosi. Kwa fundi bomba! Aibu. Tangi linataka koki ndogo ya nusu inchi pale chini, unafungua, maji yanajitokea. Tundu moja tu. Miwani atasema kioo hakitobolewi hivi hivi, lakini yeye ni mtu wa woga, na koki si kazi yake. Kuhusu kiapo, niliapa kutogusa. Sigusi. Drili ndiyo itakayogusa.

Nimeshaazima. Alama nimeweka kwa chaki, sentimita mbili kutoka kwenye kiraka.