Malalamiko Kuhusu Klachi Iliyotengenezwa Vizuri Kupita Kiasi

Kwa Mzee Kinyua,
Mwenyekiti wa Mafundi wa Pikipiki,
Nkubu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima pamoja na jamaa yako yote. Mimi ni Gitobu, mkulima wa ndizi na mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa letu. Naandika kwa uchungu kumshtaki fundi wako Muchangi, yule wa kutoka Embu, ambaye ameniharibia maisha kwa kufanya kazi nzuri.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea pikipiki atengeneze honi. Honi tu. Akaniambia niiache, spea inatoka Embu. Nilipoirudia Ijumaa nikakuta ameweka pleti mpya za klachi, zote, na honi bado haisemi. Nilipomuuliza nani alimtuma, alijifuta mikono na kutazama barabarani. Hata malipo alikataa. Alinikabidhi pleti zangu za zamani zimefungwa vizuri ndani ya kitambaa cha kijani, kana kwamba ni zawadi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mafundi wote tunaowajua hubadilisha pleti mbili, wakarudisha zilezile za zamani zilizobaki, na klachi inaanza kuteleza tena kabla mteja hajafika nyumbani. Tumezoea hivyo na hatulalamiki. Muchangi alizilowesha pleti kwenye oili usiku kucha, akabadilisha na springi. Huo ni ugeni ambao chama chako hakipaswi kuuvumilia.

2. Kwamba kuteleza kwa klachi yangu kulikuwa na kazi yake. Kila Jumapili baada ya kwaya humpeleka nyumbani Jedidah, karani wa kituo cha majani chai, ambaye anaishi na mama yake juu ya kilima cha kwa Mukiri. Zamani tukifika chini ya kilima, injini ilinguruma, gurudumu likakataa, na Jedidah akalazimika kushuka. Mimi nikisukuma, yeye akitembea kando, tuliongea mpaka juu. Mwenyekiti, mimi nikimtazama mwanamke usoni ulimi hukauka. Lakini nikisukuma pikipiki nasema vizuri kabisa. Tulianza na hali ya hewa, tukaja kwa ng'ombe wa mama yake. Mara ya mwisho tulikuwa tumefikia ukubwa wa jiko ninalojenga, na nilikuwa nimeamua kwamba safari itakayofuata, pale kwenye mti wa makadamia tunapopumzikia, nitamwomba tuoane.

3. Kwamba jana pikipiki ilipanda kilima hicho kama haijui ni kilima. Mti wa makadamia niliuona ukipita. Nilifungua mdomo kusema neno langu, nikameza mdudu. Kabla sijamaliza kukohoa, Jedidah alikuwa ameshashuka kwao, ameshukuru na kufunga geti. Nilisimama pale nje nikitaka kulia, na sioni haya kukuandikia hivyo. Nikajaribu kupiga honi ili atoke tena. Habari ya honi unaijua.

4. Kwamba Mama Peninah, anayechoma mahindi katikati ya kilima, amepoteza wateja wawili wa kudumu. Analaumu kanisa.

5. Kwamba nisipooa sitapata watoto, na nilikuwa nimepanga wanne. Shule yetu ya msingi tayari ina upungufu wa wanafunzi. Bila hao wanne, mwalimu mmoja atahamishwa, na ninavyoiona bahati yangu, atakuwa yule anayetupigia kinanda kanisani. Bila kinanda sisi wa besi tunapotea njia kabisa. Kwa hiyo fundi mmoja asiyejua kuharibu kazi kama wenzake atakuwa amefunga shule na kunyamazisha kanisa.

Kwa hayo yote, naomba chama kimwamuru Muchangi arudishe pleti zangu za zamani kabla ya Jumapili, mbele ya mashahidi, na azikaze vibaya kama inavyostahili. Nimeziambatanisha na barua hii, ndani ya kitambaa kilekile. Akikataa, afundishwe kazi upya.

Wasalimie mafundi wote, mama wa chai hapo karakana, na wenye pikipiki walio kwenye foleni ya Muchangi, ambao nawahurumia.

Ni mimi, mwenye klachi nzima na moyo mgonjwa,
Gitobu

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha kubwa, Jedidah amefika hapa kuulizia kitambaa chake cha kwaya, kile cha kijani. Kumbe ndiye aliyemtuma Muchangi na kumlipa, tena akabeba pleti moja ya zamani kwenye mkoba, ndani ya kitambaa hicho, hadi Embu, akazunguka maduka ya spea akilinganisha mpaka akapata zinazoingia. Anasema kilima kile kimemmalizia visigino vya viatu vya kanisa, na kwamba kwa mwendo wangu angezeeka akisikiliza habari za jiko. Kisha akanitazama usoni. Ulimi ukanikauka kama kawaida, basi akaniuliza yeye mwenyewe. Nimekubali kwa kutikisa kichwa.

Kwa hiyo, Mzee, yote niliyoandika hapo juu yatupe. Kitambaa nimemrudishia mwenyewe, na pleti za zamani nimezifunga kwa gazeti, Muchangi azipeleke anakojua. Zile mpya zisiguswe na mtu, maana ndizo zitakazotupandishia asali ya posa kwa mama yake mwezi ujao, na nakuomba wewe uwe msemaji wetu. Ila honi itengenezwe. Siku hiyo nataka kilima kizima kinisikie.