Hewa ya Daraja la Kwanza

Taifa lilitangaziwa rasmi kwamba Mkurugenzi wa Idara ya Hewa anajenga nyumba isiyo na dirisha hata moja. Dirisha, alifafanua mwenyewe, ni mwanya wa kuingiza hewa isiyosajiliwa. Nyumba hiyo ingepumua kwa Mfumo Mkuu: feni moja kubwa darini, mabomba mapana hadi kila chumba, na hewa kugawanywa kwa kuzingatia vyeo.

Mitaani walimwita Pumzi. Ukatibu mkuu wa wizara aliutolea macho kama paka aliyeona samaki, na aliamini kabisa kwamba mabomba yale ndiyo yangempandisha.

Alimkunjulia mkewe ramani. "Sebuleni, daraja la kwanza. Chumbani kwetu, la pili. Jikoni, hewa ya kawaida."

"Na mama yangu?"

"Mama atapata itakayobaki."

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya vitunguu palepale, hakuinua hata uso. "Nashukuru, baba. Na nikitaka kukohoa, niombe kibali?"

"Ukohoaji utaandaliwa utaratibu, mama," Pumzi alijibu kwa heshima zote.

Siku ya uzinduzi alifika Waziri mwenyewe, na watangazaji wa redio wakirusha matangazo moja kwa moja. Feni ikawashwa. Mapazia, yaliyotundikwa kwenye kuta tupu kwa ajili ya heshima, yakapepea. Makofi! Pumzi akajiona mwepesi kama puto. Waziri akamkumbatia, akamwita nuru ya wizara, kisha akaomba aelekezwe msalani.

Mtangazaji akakisogeza kipaza sauti kwenye tundu la bomba pale sebuleni, ili wananchi nao waisikie hewa ya daraja la kwanza. Ikavuma vizuri. Ikakohoa. Halafu ikaanza kuongea kwa sauti ya Waziri, ambaye kule msalani alikuwa na simu sikioni.

"Huyu Pumzi? Boga tupu, lakini boga lenye faida. Lile jengo letu lililoporomoka tunamtwisha yeye. Wananchi? Achana nao, bwana. Wapulizie hewa, watasema wameshiba."

Kazi yake Pumzi aliijua: kuzima feni, kumsitiri mkubwa. Mkono ulikwisha kufika kwenye swichi.

"Zima, baba," mama mkwe akamnong'oneza, "ukafungwe kwa raha zako."

Pumzi akamtazama mkewe. Kisha akaipandisha feni hadi mwisho.

"Mabibi na mabwana," akatangaza, jasho likimchuruzika, "Mfumo unafanya kazi."

Tundu likaendelea kumwaga mambo: nani alikula saruji, nani alikula nondo. Waziri alipotoka, akijifuta mikono na kutabasamu, aliwakuta wageni wamesimama.

"Mmeionaje hewa?"

"Tumeisikia, Mheshimiwa!" wakaitikia kwa pamoja, wengine wameshika mbavu kwa kicheko.

Waziri, mtu wa watu, naye akacheka. Akapunga mkono, akatoka nje, akamkuta dereva wake anaichomoa bendera ya gari.

"Twende."

"Haiwezekani, mzee. Nimeagizwa nikampelekee Waziri gari."

"Waziri si mimi?"

Dereva akaikunja bendera polepole, akaitia mfukoni.

"Kumbe kule msalani hamna redio, mzee?"