Mama Mkwe kwenye Mizinga

Tangu dunia iumbwe, pamoja na zile dunia nyingine ambazo wataalamu bado wanazitafuta kwa darubini, hajapata kutokea mtu wa kununua manowari ya watu watatu ilhali nyumbani kwake hana hata mmoja wa kumtuma chumvi. Mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nasema kwa uhakika kwa sababu nilikuwemo ndani ya manowari yenyewe.

Kwa kazi ni fundi wa mafriji. Fundi mzuri, sitampunja haki yake. Shida ni kwamba karakana ni ya kaka yake mkubwa, kwa hiyo kule anaagizwa. Nyumbani, dada yangu ni muuza dawa, amezoea kuwaambia watu wameze nini na wasimeze nini, kwa hiyo kule pia anaagizwa. Hata paka wa jirani akiambiwa na shemeji "toka," humtazama kwanza, kisha hujilaza vizuri zaidi.

Basi akaingia kwenye ule mchezo wa mtandaoni wa anga za juu. Humo watu wa kila pembe hukutana, kila mmoja na chombo chake, wakasafirisha mizigo baina ya sayari, wakachimba madini, wakavamiana. Siku ya kwanza kujiandikisha alijipa jina la Kamanda, kabla hajajua hata kifungo cha kuwashia taa.

Mgeni katika mchezo ule hupewa chombo cha kuanzia bure. Kidogo, cha pembe nne, kiti kimoja. Mimi nilikibatiza Kiberiti. Shemeji alikichukia Kiberiti kwa moyo wake wote, na kila alipokutana na vyombo vikubwa alikuwa anazima taa ili asionekane.

Ndani ya Kiberiti hicho hicho akapokelewa kwenye kundi moja liitwalo Msafara. Mkuu wao hatujawahi kumwona uso, ila ana sauti nzito ya kutetemesha vikombe mezani, nasi tukamwita Besi. Siku moja Besi akatangaza kwamba Jumamosi mchana Msafara utavuka Bonde la Vumbi, makao ya maharamia. Atakayelinda mizigo upande wa kushoto mpaka ifike salama atapewa ukuu wa walinzi, na walinzi kumi na wawili watakuwa chini yake.

Shemeji alinifuata mpaka kazini kwangu kunipa habari hiyo.

"Kumi na wawili, shemeji," akasema. "Nikisema geukeni, wanageuka."

"Wote?"

"Wote. Hata yule wa mwisho."

Nilicheka, lakini nilimwonea huruma pia. Mtu mzima, ana mke, ana ufundi mkononi, na kitu anachokitaka duniani ni mahali pamoja tu pa kusema "geuka" na mtu akageuka. Siyo makuu hayo.

Ila huwezi kulinda mizigo kwa Kiberiti. Ilibidi atafute chombo cha pili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tulikwenda sokoni pamoja, maana mchezo una soko lake, vyombo vimepangwa uwanjani na unaweza kuvizunguka ukivikagua. Besi naye alikuwa kwenye sauti, akitoa ushauri.

"Chombo cha pili kwa mgeni ni Punda," akasema. "Hakina sura, lakini kinabeba, kinakimbia, kina mzinga mmoja wa kutosha. Unakiendesha peke yako. Ukikigonga, kinatengenezeka."

"Punda?" Shemeji akaziba kipaza sauti ili nimsikie mimi tu. "Nina vyeti viwili vya ubaridi, halafu niende vitani na Punda?"

Nikamwonyesha kingine kinachoitwa Fuko, cha kuchimbia madini.

"Nikitaka kuchimba, kuna mtaro nyuma ya nyumba. Dada yako anausema tangu mvua zilizopita."

Kisha akaiona Ngurumo.

Ngurumo ni manowari. Nyeusi, ndefu, ina mizinga kila ubavu, na taa zake peke yake zingetosha kuangazia mtaa mzima na watu wakabaki wanalalamika usingizi. Shemeji akaizunguka kimya kimya. Kisha akaanza kuikagua kwa namna anayokagua friji la mtumba: akagonga ubavu na kusikiliza, akafungua milango yote na kuifunga, akainama kutazama mpira wa mlango.

"Mpira mzuri," akasema. "Haupitishi hewa."

Tukaingia ndani. Katikati palikuwa na kiti cha kamanda, chekundu, kimeinuliwa juu ya vidato vitatu. Akakaa, akaweka mikono pande zote mbili. Nilijua palepale kwamba Punda ameshakosa mnunuzi.

"Shemeji, soma maelezo kwanza," nikamwambia.

"Maelezo ni ya wasiojua vitu. Friji kubwa na friji dogo, yote hufunguliwa na mtu mmoja."

Nikayasoma mwenyewe. Yalisema Ngurumo huendeshwa na watu watatu: rubani, mpiga mizinga na fundi wa mitambo. Yalisema pia kwamba Kiberiti kikiharibika hupewa kingine bure, lakini chombo cha pili hakina fidia. Ngurumo ikilipuka, huna chombo, huna akiba, unaanza upya. Na Msafara hauchukui abiria. Nilipoinua macho kumweleza, alikuwa ameshabonyeza. Kiberiti kimekwenda kama sehemu ya malipo, akiba yote imekwenda, na yeye amekaa juu ya vidato vitatu anatabasamu.

"Watu watatu tu?" akasema nilipomwambia. "Tupo."

Nilikubali kuwa fundi wa mitambo, kwa sababu shemeji ni shemeji, na laptopu ninayo. Dada alikubali kupiga mizinga kwa sharti kwamba asiitwe askari. Jumamosi ikafika, tumekaa sebuleni, mashine tatu mezani, mara duka la dawa likampigia dada. Mwenzake anaumwa, aende haraka. Akachukua mkoba wake.

"Na mizinga?" shemeji akauliza.

"Mama si yupo," dada akajibu, akafunga mlango.

Mama yetu alikuwa pale akiuguza goti. Kabla ya kustaafu alikuwa mkunga, na wakati huo alikuwa kwenye kochi anafuma kitambaa, ametuvumilia tu. Akaweka uzi chini.

"Ni hiki kifungo chekundu?"

"Ndiyo, mama," shemeji akasema.

"Nikikibonyeza, kuna mtu anaumia?"

"Hakuna, mama. Ni mchezo."

"Basi nisogezeeni kiti."

Sasa naomba nieleweke. Shemeji yangu ana majivuno ya kujaza ghala, lakini adabu anayo. Tangu amuoe dada, hajawahi kukaa mama akiwa amesimama. Hajawahi kumwambia mama hata "pisha nipite". Akimkuta amekaa njiani, anazungukia mlango wa jikoni. Leo ndiye kamanda wake, na kazi ya kamanda ni kuamrisha. Nilimtazama usoni nikaona hilo limemwingia wakati huo huo, maana alianza kutoka jasho kabla hatujawasha injini.

"Msafara, tayari kuondoka," Besi akanguruma.

"Subirini kwanza," mama akasema kwenye kipaza sauti. "Hamjambo huko?"

Kisha sauti za kila aina zikajibu kutoka kila upande wa anga: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekula?"

Wengine walikuwa hawajala, na mama akawasema. Tukaondoka tumechelewa.

Tulipofika lango la kituo, mama akainuka kunyoosha goti. Shemeji akasimama naye. Ngurumo, rubani wake akiwa wima kwa heshima, ikaenda moja kwa moja ikalikwaruza lango na kudondosha taa mbili.

"Shemeji, usukani," nikasema.

"Mama amesimama," akaninong'oneza.

"Nanyoosha goti tu, baba. Kaa."

"Hapana, mama, tutanyoosha wote."

Bonde la Vumbi lilikuwa kama jina lake. Huoni mbele, huoni nyuma. Vyombo vya mizigo vilipita katikati, sisi tukiwa upande wa kushoto. Haikuchukua muda, maharamia watatu wakatokeza ubavuni kwetu. Shemeji akasafisha koo.

"Mama, samahani kwa usumbufu."

"Bila samahani, baba."

"Sijui kama umepata nafasi ya kutazama upande wa kushoto."

"Nimetazama."

"Sasa, kama utaona inafaa, na kama goti halikusumbui sana..."

Tukapigwa. Skrini zote zikatikisika, na ubao wangu wa mitambo ukawaka mwekundu.

"Mwambie apige," nikasema.

"Ndiko ninakoelekea," shemeji akajibu kwa hasira ya chini chini. "Mtu mzima humvamii kwa maneno."

"Ngurumo!" Besi akaita. "Mbona kushoto hampigi?"

"Tuko kwenye mazungumzo," Kamanda akajibu.

Tukapigwa tena. Mlango ule wenye mpira mzuri ukang'oka, ukaenda zake. Mafuta yakaanza kuvuja. Kipigo kingine kama hicho na Ngurumo ingekuwa vipande, shemeji angerudi kuwa mtu asiye na hata Kiberiti. Naye alijua. Lakini mdomo ulikuwa bado unatafuta njia ya kistaarabu.

"Mama," akaanza upya, "kwa heshima na taadhima..."

"Hawa waliokuja bila kubisha hodi, ndio wanaotupiga?"

"Ndio hao, mama."

"Na wewe unawatazama?"

"Nilikuwa naelekea kukuomba..."

"Acha kuomba," mama akasema, akavuta kiti karibu na meza.

Sauti iliyofuata sikuwahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa sauti ya wodini, ya mtu aliyepokea watoto wa mji mzima na hana nafasi ya kubembeleza.

"Wewe, mgeuze kichwa. Kushoto. Taratibu, usimkamue. Na wewe mwanangu, anavuja wapi?"

"Tumboni, mama. Mafuta."

"Ziba."

"Nimeziba."

"Vizuri. Sasa baba, pumua. Nikisema sukuma, unasukuma kwa nguvu zako zote, na shingo usiikaze. Bado. Bado, nimesema bado. Sukuma."

Shemeji akasukuma. Ngurumo ikachomoka kutoka vumbini, ikapita katikati ya maharamia, na mama akakibonyeza kifungo chekundu na kukishikilia. Wa kwanza akalipuka. Wa pili akakimbia, nadhani hadi leo anakimbia. Wa tatu akatuma ujumbe.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anaomba radhi," nikasema.

"Mwambie aende kwao."

Mizigo yote ikavuka salama. Ngurumo ilifika imechakaa, haina mlango, inatoa moshi, lakini ilifika. Shemeji akajifuta jasho, akajinyoosha kitini, na taratibu nikaona Kamanda anarudi usoni mwake.

"Ngurumo," Besi akaita, "nani alikuwa anatoa amri?"

"Hapa Kamanda," shemeji akawahi. "Amri zilitolewa na uongozi wa chombo."

"Nilisikia sauti ya mama ikisema sukuma."

"Ilikuwa sehemu ya uongozi."

"Mimi nilisukuma," ikasema sauti ya dereva mmoja wa mizigo aliyekuwa nyuma kabisa. "Sikuambiwa mimi, ila nilisukuma."

Wengine wakakiri hivyo hivyo. Kumbe Msafara mzima ulisukuma.

"Basi sina haja ya kufikiri," Besi akasema. "Mkuu wa walinzi ni mama."

Shemeji akateremsha mikono kutoka kwenye usukani. Sikupenda kumwona vile. Ningemtania mwaka mzima kwa ile Ngurumo, lakini kile cheo alikitaka kweli.

Mama naye hakukurupuka. "Chombo si changu," akasema. "Ni cha mkwe wangu, na mimi nina kitambaa changu cha kufuma. Muulizeni yeye. Akipinga, mpeni yeye, mimi sitanuna."

"Haya," Besi akasema. "Kamanda, umesikia. Walinzi kumi na wawili wako hapa wanakusubiri. Sema unapinga, na cheo ni chako sasa hivi. Unapinga au hupingi?"

Shemeji alikuwa na neno moja tu la kusema. Akavuta pumzi, akakaza kifua, na kwa kuwa mtu hawezi kumpinga mkwewe akiwa amempa kisogo, akageuka kwanza amtazame. Mama alikuwa amekaa, mikono imetulia mapajani, anamsubiri kwa upole kabisa. Shemeji akasimama.

"Ndiyo, mama," akasema.

"Hajauliza mama," Besi akanguruma mpaka meza ikatetemeka. "Nimeuliza mimi. Unapinga, au hupingi?"

"Ndiyo, mama."