Farasi wa Kupalilia Shamba la Mikayi

Jumanne, 22 Aprili 2025

Palizi imenishinda. Mahindi yananifika gotini. Magugu nayo yananifika gotini. Ukisimama barabarani huwezi kujua nilipanda nini.

Akello ananingoja. Ni mke mwenzangu, wa pili kwa marehemu mzee, na kwa desturi ya mji wetu hawezi kutia jembe shambani mwake kabla yangu. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Kupanda naanza mimi. Kupalilia naanza mimi. Kuvuna naanza mimi. Na akikonda kwa kungoja, akonde. Leo amepita mbele ya jiko langu mara tatu, jembe begani, anakohoa. Nikamwambia aende sokoni Pap Onditi akanunue dawa ya kifua. Akasema kifua chake kizima. Basi akohoe huko kwake!

Ukweli ni kwamba mgongo wangu hautaki kuinama tena. Naandika hapa kwa Kiswahili maana Akello anasoma Kijaluo tu. Yeye ana ng'ombe wawili wa kulima. Nikimwomba atanipa. Huo ndio ubaya wake. Atanipa huku anatabasamu, na tangu siku hiyo nani mkubwa hapa nyumbani?

Mchana nikasinzia nyuma ya jiko. Ziwa lilikuwa linang'aa kule mbali, bila upepo. Nilipofungua macho nikaona lile jembe la mzee kana kwamba naliona mara ya kwanza. Mzungu wa shamba la miwa alimpa mzee siku ile alipokuwa anahama. Mikono miwili ya mbao, gurudumu dogo mbele, meno matano ya chuma. Yanapita katikati ya mistari, yanang'oa magugu, yanalegeza udongo. Liliundwa livutwe na farasi. Mzee alingoja farasi mpaka akafa. Kuku wamelifanya kitanda.

Nikaliona linatembea. Macho wazi kabisa! Udongo mweusi unafunguka polepole, kama uji mzito ukipitishwa mwiko. Mimi nyuma, nimesimama wima, kitambaa cheupe kichwani. Sijainama hata kidogo. Mbele yangu mkia wa farasi unapepea taratibu.

Nani ana farasi?

Jumatano, 23 Aprili

Kahiga! Yule wa Nyamasaria anayekodisha viti vya harusi. Sikukuu ikifika anapandisha watoto wa watu juu ya farasi wake na kuwapiga picha. Pasaka imekwisha, farasi amekaa bure, na nyasi zote za Nyamasaria zimegeuka nyumba.

Nimempigia simu. Nikasema nina nyasi mpaka mlangoni, alete farasi apumzike siku tatu. Habari ya jembe sikuitaja mpaka alipokubali. Akauliza jembe lina uzito gani. Kisha akasema sawa shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Nikamwambia mimi si shosho yake, shosho yake yuko kwao Nyeri anamlilia. Akacheka, akasema sawa shosho.

Shemeji Oyugi, mdogo wake marehemu, ndiye mzee wa mji sasa. Alikuja kunywa chai akasikia mpango. Akasema farasi si mnyama wa huku kwetu Nyakach. Nikamwambia hata miwani yake si ya Nyakach na kila siku anaivaa. Akaivua, akaipangusa, akaongezewa chai.

Jioni nilikuwa nasugua meno ya jembe kwa majivu. Akello akachungulia juu ya ua, akaniuliza nafanya nini. Nikasema naosha sufuria. Akalitazama lile gurudumu kwa muda mrefu. Akasema ni sufuria nzuri.

Mjinga huyu.

Alhamisi, 24 Aprili

Amefika! Ameshuka kutoka kwenye kanta, lori dogo la Kahiga, kama mgeni wa heshima. Mwekundu kama udongo wa mlimani, na paji jeupe. Utepe wa Pasaka bado unaning'inia shingoni. Alisimama uani akavuta hewa ya ziwa, masikio yanacheza, na sisi wote tukampisha. Hata kuku. Nikafikiri, mzee, unaona? Amekuja. Amechelewa, lakini amekuja.

Jina lake ni Bwana Harusi. Miaka kumi na mmoja nimekuwa mjane, leo Bwana Harusi amefungwa kwenye mti wangu! Wanawake wa kanisa waliposikia walicheka mpaka wakashikana.

Kahiga ameniachia masharti. Asipigwe. Apewe maji safi. Na jambo moja kubwa: simu. Huyu farasi amezoea picha. Akiona mtu ameinua simu, anamwendea moja kwa moja, anasimama kando yake, anainua kichwa, anangoja kipande cha muwa. Hakuna kamba ya kumzuia. Nikamwambia Kahiga hapa ni shambani, si studio. Akasema basi asiinue mtu simu, shosho. Akaondoka na kanta yake.

Nimetangaza kesho asubuhi kila mtu aje aone mikayi akifungua palizi. Nimealika wanawake wote wa kanisa. Oyugi nimemwalika. Simu zote zitawekwa kwenye kapu mlangoni, nimeshalisafisha. Nimefikiria kila kitu.

Akello sijamwalika. Atasikia kwa wengine.

Bwana Harusi amekula sukuma wiki yangu yote. Nimemsamehe. Mwanamume mgeni hanyimwi mboga.

Ijumaa, 25 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi ilikuwa kama nilivyoiota. Ukungu umelala chini, mahindi yanatoka juu yake kama watu wanaooga. Wanawake kumi na wanne. Kapu limejaa simu. Oyugi alishona hatamu kwa magunia na kamba ya wavu wa samaki, akataka kushika kichwa cha farasi. Nikakataa. Nilisema kazi hii inaonekana vizuri ikifanywa na mtu mmoja. Nikajifunga kamba ya farasi kiunoni. Kitambaa cheupe. Nikashika mikono ya jembe. Nikageuka ili wanawake wanione vizuri.

Hapo ndipo Akello alipotokea. Upande wake wa mpaka, shambani mwake, kwa sababu hakualikwa kwangu. Na kwa sababu hakualikwa, simu yake haikuwa ndani ya kapu.

Akaiinua.

Sikupata hata mstari mmoja! Bwana Harusi alipiga kona. Jembe likapiga kona. Mimi nimefungwa kiunoni, ningeenda wapi? Tukavuka mpaka, tukaingia katikati ya mistari miwili ya mahindi ya Akello, meno yote matano yakazama.

Na sasa nitasema jambo ambalo sitalisema kwa mdomo. Ilikuwa tamu. Farasi hakukimbia. Alitembea kama anaenda kupigwa picha, kwa adabu. Magugu yalilala kulia na kushoto bila kelele. Udongo ulinuka mvua ya zamani. Miguu yangu ilizama ndani ya kitu laini na chenye joto, mgongo wangu umenyooka kama wa msichana, ukungu unafunguka mbele yetu, na kwa mbali ziwa. Nilisahau kupiga kelele. Nilisahau shamba ni la nani. Kama mstari ule ungefika ziwani ningeingia majini nikiwa nimeshika mikono ya jembe.

Ulifika kwa Akello. Bwana Harusi akasimama kando yake, akainua kichwa. Akello akaigeuza simu, akabonyeza. Tumo watatu katika picha hiyo.

Nikageuka nyuma. Mstari mmoja umenyooka, msafi. Wanawake kumi na wanne wameziba midomo.

Ndipo nikaelewa. Palizi imefunguliwa. Na haikufunguliwa kwangu! Shamba la mke mdogo limetangulia, mbele ya mashahidi, kwa jembe la mzee, kwa mikono yangu mwenyewe. Miaka thelathini na minane nimelinda nafasi hiyo. Nafasi ni kitu pekee mzee alichoniachia mimi peke yangu. Vitu vingine vyote tuligawana.

Nilimwambia Akello ni mwizi. Akasema ameiba nini, yeye alikuwa anapiga picha ya farasi amtumie binti yake. Nikamwambia ni mchawi. Akasema mchawi gani anajifunga farasi kiunoni? Wanawake wakacheka. Nimewaandika majina wote.

Oyugi aliomba kiti. Akavua miwani, akafikiri mpaka nikataka kumtikisa. Akaamua hivi. Kinachofungua palizi ni mkono, si udongo. Mkono ulikuwa wa mikayi. Kwa hiyo mikayi ndiye ameanza, na nafasi yake iko pale pale. Lakini shamba la mikayi lisivuke kesho Jumamosi na magugu yake wakati la mwenzake limeguswa. Likivuka, basi hata yeye Oyugi hatakuwa na la kusema, na mwaka ujao mbegu za kwanza atapanda Akello.

Siku moja! Ekari nzima!

Nikarudi kwa Bwana Harusi. Amekataa kuondoka kwa Akello. Amesimama mlangoni pake, na Akello amempa muwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilitoka kabla ya jua na jembe la mkono. Nikainama. Mgongo ukalia. Nikapiga magoti, nikapalilia kwa magoti kama mtu anayesali vibaya. Jua lilipotoka nilikuwa nimemaliza mahali pa kulaza mtoto mchanga.

Nikasikia jembe jingine. Akello, mstari wa pili. Hakusalimia. Nyuma yake wanawake wa kanisa, wote wale niliowaandika majina.

Nikamwambia sikumwita. Akasema hajaitwa tangu Alhamisi na bado anafika. Nikamwambia anapalilia juu juu. Akasema nyieka, mke mwenzangu, nyamaza ukae. Mgongo wako nimeuona tangu tulipopanda. Nilikuwa napita na jembe ili uniambie, unanipeleka kununua dawa ya kifua.

Nilimchungulia usoni kuona kama anatabasamu. Hakutabasamu hata kidogo. Iliniudhi zaidi.

Nikakaa. Nikachemsha chai, nikapika nyoyo, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa. Majembe yalikwenda pamoja, yanapanda, yanashuka, na wao wanaimba chini chini. Nikawa nawaona kwa mbali kama kupitia maji. Shamba linabadilika rangi kutoka huku kwenda kule. Saa kumi gugu la mwisho liling'olewa na Akello. Oyugi alikuja akatembea mstari kwa mstari na fimbo. Akasema limekwisha.

Nafasi yangu iko. Nilimpakulia Akello kwanza. Sahani kubwa. Nikasema ni kwa sababu yuko karibu na sufuria.

Jumapili, 27 Aprili

Kahiga amemchukua farasi wake. Akamkuta amenenepa, akauliza kama mambo yalikuwa mazuri, shosho. Nikasema mazuri kabisa.

Akello ameniletea ile picha, ameichapisha pale sokoni. Yeye amefumba macho. Farasi ametoka vizuri. Mimi nyuma nimesimama wima, kitambaa cheupe, na uso wangu sijui niuite nini. Nimeiweka ukutani kando ya picha ya mzee.

Mchana wote nimekaa nyuma ya jiko nikilitazama jembe. Halina kosa. Farasi hana kosa. Mimi sina kosa. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na sasa nimeliona lilipo. Farasi alikuwa mmoja! Farasi mpweke lazima atafute watu wa kutazama. Wakiwa wawili watatazamana wenyewe, na simu hawataiona.

Nimempigia Kahiga tena. Nimemwuliza kama Bwana Harusi ana dada.