Soko la Kumrudisha Mama Marvin

Jumatatu, 3 Machi

Furaha! Chifu ametangaza barazani kwamba kaunti ina pesa ya kujenga soko lenye paa. Moja tu. Litajengwa hapa kwetu Gatuanyaga au kule Mugutha. Maafisa watatembelea pande zote mbili, na pesa itaenda panapoonekana shida kubwa zaidi. Hiyo ndiyo haki, chifu akasema. Watu wakapiga makofi, hata waliokuwa wamelala.

Mimi nilipiga kuliko wote. Mke wangu Selpha alihamia Mugutha mwaka jana kuuza mboga za kienyeji, kwa sababu wateja wa hapa ni vumbi na mbuzi. Amepanga chumba huko. Hurudi Jumapili mojamoja. Mtoto wetu Marvin yuko shule ya bweni. Tulitoka Kakamega wawili kutafuta maisha, sasa nimebaki nusu. Leso yake bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango, na sijaigusa. Upweke umenizoea kama paka wa jirani. Lakini soko likija hapa, Selpha naye atarudi. Hesabu rahisi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umeiva. Tutakuwa maskini. Si kwamba sisi ni matajiri, ila tuwe maskini wa kuonekana kutoka mbali. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiomba watu wavae matambara siku ya wageni, wafunge vibanda, wafiche mbuzi. Jirani yangu Wayua akauliza wageni watakula nini. Nikamwambia hawatakula, wataona njaa. Akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani.

Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa Mugutha anaitwa Karanja. Sauti kubwa, shati la kupigwa pasi. Selpha anasema kila jioni hununua kwake mrenda, ile mboga ya kuteleza ya kwetu Kakamega. Mrenda! Mtu aliyelelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe! Hilo soko lazima lije huku.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Selpha simu. Nimemwomba aje Jumatatu, akae kando ya barabara na mafungu ya mboga zilizonyauka, pamoja na huzuni kidogo. Maafisa wakimwona mama juani hivyo, mambo kwisha. Akasema atakuja, kwani hata yeye ana jambo la kuniambia. Sikuuliza ni jambo gani. Mke akikubali kuja, humchokozi na maswali.

Nimefagia nyumba mara mbili. Gereji yangu ya pikipiki sijaifungua tangu juzi. Mpango unataka muda.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Maafisa wamefika asubuhi, wakiongozwa na Bi Idah, mama mpole mwenye kofia. Mimi nimevaa shati nililolitoboa mwenyewe kwa msumari. Kugeuka hivi, Gatuanyaga yote imevaa nguo za kanisa. Wayua ametandika vitambaa vya kufuma mezani, amechinja jogoo, chapati zimepangwa hadi zinaegemea ukuta. Nikamvuta pembeni. Akasema mgeni haonyeshwi njaa, na kwamba marehemu mama yake angefufuka aje amchape. Kisha akaongeza kwamba matambara alidhani yatavaliwa na wengine. Kumbe kila nyumba ilidhani hivyo hivyo! Bi Idah akala mahali patatu, akasifu kila mahali. Maskini nilikuwa mimi peke yangu. Akaniambia nisione haya, niketi na mimi nile.

Tumaini likabaki moja. Selpha alikuwa ameketi palepale nilipomwambia, mboga mbele yake. Bi Idah akainama, akamuuliza biashara ya hapa inaendaje. Selpha akanitazama kwanza. Mke wangu hajui kusema uongo. Ndilo nililompendea, na ndilo nililosahau.

"Madam, mimi hapa siuzi. Mimi huuzia Mugutha," akasema. "Huko watu wanahamia kila siku, wateja wapo. Lakini sisi akina mama tunakaa kwa matope. Mvua ikikuja, mboga inaenda na maji. Kama ni kusaidia, mtusaidie huko."

Bi Idah akaandika sana. Mboga zikaendelea kunyauka, nami pamoja nazo.

Alhamisi, 13 Machi

Uamuzi umesomwa. Soko limeenda Mugutha. Chifu akaeleza kwamba kila sehemu inapewa kile inachokosa, na sisi wa upande mkavu tumepewa josho la mifugo. Wenye ng'ombe wakashangilia. Wayua akacheza. Mimi sina hata kuku.

Jioni Karanja akapiga simu kunishukuru kwa kuwatafutia shahidi. Alikuwa anatafuna kitu. Najua ni nini.

Jumapili, 16 Machi

Selpha amekuja. Tumekula ugali na mrenda, tukakaa nje mpaka jua likapungua ukali. Nilitamani siku isiishe. Ndipo akasema lile jambo lake. Chumba chake kinatosha watu wawili. Karibu na mahali soko litakapojengwa, pikipiki zimejaa na fundi hakuna.

"Baba Marvin, mimi nimechoka kulala peke yangu," akasema. "Si ukuje tu?"

Nilikaribia kusema ndiyo. Lakini chifu alikuwa amenidokezea habari nyingine, kwa hiyo nikamwambia avumilie kidogo, nina mpango. Akaingia ndani, akaishika leso yake, akairudisha msumarini. Wakati wa kuondoka akasema atakuja tena Jumapili ijayo kusikia jibu langu, barabara ikikubali.

Habari yenyewe ni hii: mwaka ujao kaunti itatengeneza barabara, na itaanza na ile mbovu kuliko zote. Barabara ikiwa nzuri, Selpha atakuwa anauza Mugutha mchana na kulala hapa kila siku! Yetu ni mbovu, lakini si mbovu ya kushinda. Maafisa wanaanza kukagua mwezi huu. Nimeshanoa jembe. Kesho naanza kuchimba pale kwenye kona, ambapo pikipiki inayomleta Selpha hupita. Nikijitahidi, kufikia Jumapili hapatapita hata mbuzi.