Daftari la Paani

Jumatatu, 11 Agosti
Sikuenda tuisheni. Mwalimu Benta humwita mtu asome kwa sauti mbele ya wasichana, na sauti yangu bado haijaamua iwe ya nani. Nimeshinda paani, ghorofa ya nane, kwenye kamba za nguo. Shida ni Nzivo, keateka anayesimamia jengo, ploti yetu. Tangu blanketi la mtu lipotee, hupandi bila kuandika kwenye daftari lake: jina, nyumba, saa, sababu. Nimeandika ukweli mtupu, isipokuwa sababu. Hapo nimeandika "soksi".
Mama alisema nikikosa tuisheni hata siku moja, simu yangu itakaa Bungoma kwa mjomba Kweyu hadi Krismasi. Lakini mama yuko kiwandani mpaka jioni. Atajuaje?

Jumanne, 12 Agosti
Paani tena. Soksi tena. Nzivo alipoenda kununua chai nikafungua kurasa za nyuma. Ni tamu kuliko gazeti. Millicent wa 14 na Odera wa 31 huanika nguo saa ileile kila Jumatano. Sisemi kitu. Lakini Mzee Nahashon wa 27, aliyestaafu reli, hupanda kila siku saa nne na nusu. Sababu: nguo. Anaishi peke yake na ana mashati mawili. Anafua nini?

Alhamisi, 14 Agosti
Nimejua. Nilijificha nyuma ya shuka la maua, ambalo mama alifua jana jioni. Nahashon akaja mikono mitupu. Akalitazama tangi la maji, akakohoa, akasema, "Wapendwa, naitwa Nahashon." Akaanza upya. Mara tisa. Mara ya tisa akaongeza, "Haya ndiyo matangazo ya kanisa ya Jumapili hii." Kumbe atayasoma kanisani na anaogopa watu. Mzee mzima, anaogopa kama mimi. Nikasogea nisikie vizuri. Kamba ikakatika, shuka likaruka hadi ploti ya jirani. Akauliza mimi ni nani. Nikajibu, "Soksi," nikakimbia.

Ijumaa, 15 Agosti
Mama anatafuta shuka lake. Amesema kesho atasoma daftari lote aone nani alipanda jana. Jina langu limo mara nne, Jumatatu hadi jana.
Nimepata mpango. Nimepaka ile rangi nyeupe ya kufutia makosa juu ya jina langu na nyumba yangu, mara zote nne, nikaandika "Amino, nyumba 19". Amino huwa hatoki nje. Nani atamuuliza?

Jumamosi, 16 Agosti
Amino hatoki nje kwa sababu alivunjika na ana plasta mguu mzima tangu Julai. Mama ndiye humpelekea uji.
Mama alifungua daftari watu wakiwa wamejaa mlangoni kwa Nzivo. Millicent akakumbuka ameacha sufuria kwenye moto. Mama akamuuliza Nzivo huyu mwenye plasta amepandaje ghorofa nane mara nne, tena kwa ajili ya soksi. Kisha akakwangua rangi kwa ukucha. Nikatokea hapo, jina langu na nyumba yangu, na kando yake saa za tuisheni.
Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba, ni soksi gani hizo?"
Nahashon alileta shuka likiwa limekunjwa, akamwomba mama anisamehe. Mama akapokea shuka. Simu imeondoka na basi la Bungoma la saa nane.

Jumapili, 17 Agosti
Nahashon aliniomba nikae mbele kabisa, aone sura anayoijua. Nilikaa. Alisema "Wapendwa", akasema jina lake, kisha akasoma yote mpaka mwisho. Nilitaka kupiga makofi lakini watu wangenitazama.
Mama naye amenunua daftari. Kuanzia kesho Mwalimu Benta atatia sahihi nikiingia tuisheni na nikitoka. Nimetazama sahihi yake kwenye karatasi za zamani: mstari mmoja, kitone kimoja. Nimeifanyia mazoezi hapa chini mara kumi na nne. Ya mwisho ni yake kabisa. Nahashon anasema paani kuna upepo mzuri saa nne na nusu.
Kitabu hiki ninachoandika hakikai tena chini ya godoro, mama huligeuza akifagia. Nimekipatia mahali salama: ndani ya beseni la mama la nguo chafu, chini ya soksi.