Meya wa Kilmarroch Asifiwa Hadharani

Halmashauri ya mji wa Kilmarroch, Uskochi, iliwatangazia wakazi wake kuanzishwa kwa Idara ya Sifa na Furaha ya Umma, yenye mkurugenzi, naibu mkurugenzi na bango kubwa la Meya akicheka. Tangu siku hiyo, mwenye leseni yoyote ya biashara ambaye angesikika akisema "si mbaya" mbele za watu angenyang'anywa leseni.

Chanzo cha yote kilikuwa Dokta Lurdes Quaresma, Mreno aliyeletwa na Meya Torquil Abernethy kuchunguza mila za wenyeji, na hasa jinsi wanavyompenda kiongozi wao. Mama wa watu alikaa mwaka mzima, akanywa chai kila nyumba, akalowa kila mvua, kisha akasema ukweli. Sifa kubwa kuliko zote aliyoisikia ikitolewa kwa kiumbe hai ilikuwa "si mbaya". Walisema hivyo juu ya supu, juu ya mtoto mchanga, juu ya bibi harusi. Juu ya Meya hawakufika hata hapo.

Wenyeji hawakuona ajabu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na Kilmarroch, ambako tembo lenyewe ni wiski, hakuna anayetaka kulijaribu jambo hilo. Mtu husifiwa mara moja tu, siku ya kuzikwa. Siku hiyo husifiwa kwelikweli, kisha watu huenda kula pai ya nyama.

Wa kwanza kunaswa na sheria alikuwa Effie Gilchrist, mjane mwenye mgahawa wa chai karibu na kanisa, ambaye pia ndiye mpishi wa pai za misiba yote ya mji. Mkurugenzi wa Sifa alimuuliza anaionaje chemchemi mpya ya Meya, iliyojengwa katika mji ambao mvua yake hupumzika Jumapili tu, na si kila Jumapili. Effie, akidhani anampendelea Meya, alijibu kuwa si mbaya. Akapewa nafasi moja ya kujiokoa: Jumamosi amsifu Meya hadharani, la sivyo mgahawa unafungwa. Hakuwa na riziki nyingine, na siku mbili nzima aliunguza mikate kwa mawazo.

Mwishowe alimweleza Wattie Duguid, mchimba makaburi mstaafu anayekunywa chai pale kila asubuhi.

"Wattie, mimi sijawahi kumsifu mtu anayepumua. Nitaanzia wapi?"

"Marehemu je?"

"Hao nimewasifu wote. Hata mume wangu Dougal, na unajua alivyokuwa."

"Basi, dada yangu, fanya unachokijua. Sheria inataka asifiwe. Haikusema asifiwe akiwa hai."

Jumamosi Effie alifika uwanjani kwa gauni jeusi, na trei za pai nyuma yake. Wanaume walipoziona zile pai wakavua kofia. Effie akasimama kando ya Meya, akainamisha macho kama desturi inavyotaka.

"Torquil alikuwa mtu wa watu," alisema. "Makosa yake tumwachie Mungu. Ameacha pengo lisilozibika."

Waliokuwa wakimtukana Meya asubuhi ileile wakaanza kufuta machozi. Meya uso ulimng'aa; maishani mwake hakuwahi kusifiwa, akamwomba Effie aendelee. Effie akaendelea. Watu wakala, wakapanga foleni kumpa pole mkewe, naye akakiri kuwa hata yeye hakujua mumewe alikuwa mwema kiasi hicho. Meya mwenyewe hakuna aliyempa mkono. Alishtuka tu alipohisi naibu wake, Struan Haldane, akimvua taratibu mkufu wa umeya.

"Struan, unafanya nini? Mimi niko hai."

"Umeshasifiwa, mzee," naibu alisema, pai ingali mdomoni. "Na pai zimeliwa. Sasa sisi tufanyeje?"

Meya alimgeukia Mkurugenzi wa Sifa. Mkurugenzi alipitia kanuni, akathibitisha kuwa sifa zilizotolewa ni za daraja la juu kabisa, na kuzitengua kungekuwa kuidhalilisha Idara. Jumatatu Effie alikuwa na leseni yake ukutani, Struan alikuwa na mkufu wa umeya shingoni, na Idara ya Sifa ilihamishiwa chini ya Kitengo cha Makaburi, ambako inafanya kazi vizuri hadi leo.

Baada ya wiki moja Torquil aliingia mgahawani, akakaa pembeni. Watu wakapunguza sauti kwa heshima. Effie akamwekea pai, akamuuliza anaionaje. Torquil alitafuna, akameza, akautazama mlango.

"Si mbaya," alisema kwa sauti ndogo.

Watu wote wakageuka. Wattie akatua kikombe chake.

"Kafufuka," alisema. "Lakini kiti kishakaliwa."